Sirloin haikupewa cheo na mfalme

Ukimuuliza Mwingereza kwa nini nyama ya ng'ombe ya kiunoni inaitwa sirloin, huenda akakusimulia kisa hiki: mwaka 1617 Mfalme James wa Kwanza alikuwa mgeni katika jumba la Hoghton, Lancashire. Akaandaliwa nyama, ikamkolea hasa, akachomoa upanga, akaigusa palepale mezani na kuitunuku cheo cha "Sir". Wengine humtaja Henry wa Nane, wengine Charles wa Pili. Ni hadithi tamu, nami naipenda, ila si kweli.

Neno lilitoka Ufaransa. Sur ni juu, longe ni kiuno. Surlonge, basi, ni nyama ya juu ya kiuno. Waingereza waliandika surloyn tangu karne ya 16, kabla James hajakalia kiti cha Uingereza mwaka 1603. Itazame herufi ya pili: ni u, wala hakuna "Sir" hapo. Herufi i ilishika baadaye, na kisa cha upanga kiliisaidia. Hata kamusi ya Samuel Johnson ya mwaka 1755 ilikibeba, ndiyo maana kimedumu hivi.