Biashara haramu ya binadamu haihitaji kuvuka mpaka

Wengi huamini kwamba mtu hawi mhanga wa biashara haramu ya binadamu hadi avushwe mpaka kwa siri. Sivyo. Itifaki ya Palermo, mkataba wa kimataifa dhidi ya biashara hiyo, iliyopitishwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2000 na kuanza kutumika 2003, hutazama mambo matatu: kitendo, kama kumsajili au kumhifadhi mtu, njia, kama vitisho, ulaghai au kutumia unyonge wake, na lengo, yaani kumnyonya. Kwa mtoto wa chini ya miaka 18, njia haihitaji hata kuthibitishwa. Kwa hiyo aliyesafiri na pasipoti halali anaweza kuwa mhanga, hata asiyewahi kutoka mji alikozaliwa. Na “alikubali mwenyewe” si utetezi ikiwa alidanganywa.

Kuvusha wahamiaji kimagendo ni kosa jingine, lenye itifaki yake. Serikali zikiyachanganya, na hili ndilo linaloniuma, aliyenyonywa hufukuzwa kama mhalifu, na ushahidi wake huondoka naye. Ndiyo maana Itifaki ya Palermo inaitaka nchi ya mhanga ithibitishe uraia wake bila kuchelewa na kumpa hati za kusafiria, arejee salama, ikiwezekana kwa hiari yake.