Fedha iliyotoka, fedha iliyofika

Mtu akiniuliza kwa nini nchi fulani bado ni maskini, hutarajia nitaje madeni, ukame au bajeti finyu. Kazi yangu ni kufuatilia matumizi ya serikali, na mimi huuliza kwanza: fedha iliyotoka hazina, ilifika ngapi?

Uganda ilijibu swali hilo kwa namba. Mwaka 1996 watafiti walichukua takwimu za ruzuku ambayo serikali kuu ilizipelekea shule za msingi kati ya 1991 na 1995, wakazilinganisha na vitabu vya shule zenyewe, kama 250 hivi. Kwa wastani ilifika asilimia 13. Shule nyingi hazikupata hata senti. Kwenye makaratasi ya hazina hakukuwa na kasoro: fedha imetoka, basi. Ilikuwa ikiishia wilayani, mikononi mwa maofisa na wanasiasa.

Kinachonikera zaidi ni hiki: shule za jamii zenye uwezo zilipata zaidi, kwa kuwa zilijua kudai. Ruzuku iliyokusudiwa kumbeba mtoto wa maskini ikamwacha nyuma zaidi.

Serikali ikaanza kuchapisha magazetini kiasi kinachopelekwa kila wilaya, na shule zikatakiwa kubandika kiasi zilichopokea mahali pa wazi. Kufikia 2001 zaidi ya asilimia 80 ilikuwa inafika. (Wapo wanaoyapa magazeti sifa zote. Siafiki, elimu ya msingi bila ada ilianza 1997, na utaratibu wa fedha nao ulibadilishwa.) Hata hivyo, mwalimu mkuu anayejua stahili ya shule yake si rahisi kumzungusha. Kabla ya hapo, wengi hawakuijua.

Botswana nayo hutajwa sana kama mfano wa kutunza fedha za umma, na kwa haki: almasi ya Orapa iligunduliwa 1967, mwaka mmoja baada ya uhuru, mapato yakaingia kwenye bajeti badala ya mifuko ya wakubwa. Lakini pengo la kipato huko bado ni miongoni mwa makubwa duniani. Kuilinda hazina ni kazi moja, kuigawa ni nyingine, na ripoti za ukaguzi huipima zaidi ile ya kwanza.

Ndiyo maana siku hizi nikikabidhiwa bajeti, majedwali ya wizara nayaacha kwanza. Naulizia ubao wa matangazo wa shule umebandikwa nini.