Mtoto analia, nimuulize nani? Maswali ya kina mama wa Mwanza

Swali: Niko Igoma, mtoto wangu wa kwanza ana miezi miwili. Mama mkwe anasema hivi, jirani vile, grupu la wasap nalo lina lake. Nimfuate nani?

Jibu: Wasikilize wote ila sio kwa kila kitu mamii. Mama mkwe amelea, anajua kumcheulisha mtoto, kumbeba akatulia, kukukanda na kukupikia uji wakati wewe hata kuinuka huwezi, hayo pokea kwa mikono miwili. Ila chochote cha kumwekea mtoto mdomoni kabla ya miezi 6, au cha kumchanja chale na kumkata, kaulize kwanza kwa nesi. Mpaka miezi 6 ni maziwa yako tu, hata maji hapana, joto liwe kali vipi, maana maziwa yenyewe sehemu kubwa ni maji, na haya ya kuchota ziwani ndo yanaharisha watoto.

Swali: Kliniki foleni ndefu, naona aibu kuuliza.

Jibu: Usione aibu, ni haki yako. Mtoto akishapimwa uzito, kabla hujarudishiwa kadi uliza hapo hapo, "nesi, mstari wake wa uzito umepanda au umelala?" Ukilala au ukishuka usiondoke hujaambiwa ufanyeje. Maswali mengine yaandike nyumbani, ukifika pale mtoto analia unasahau yote. Na mtaani kuna wahudumu wa afya ya jamii, au piga 199 ya Wizara ya Afya, bure.

Swali: Ana homa na anaharisha, bibi yake anasema ni meno ya plastiki, kuna mzee anayang'oa.

Jibu: Jamani hapana, nakuomba. Kile cheupe kwenye fizi ni jino lake la kawaida halijatoka bado. Wakilichokoa anavuja damu, kidonda kinaingia vijidudu, wengine wanapoteza maisha na wengine meno ya ukubwani yanaota vibaya. Bibi hana nia mbaya, ameona watoto wakipona baada ya kung'olewa, lakini kuhara kwingi huisha kwenyewe hata usipogusa fizi, ndo maana ile imani haifi. Huku kanda ya ziwa malaria ipo sana, kwa hiyo homa ni kwenda kupima siku hiyo hiyo, tone la damu kidoleni, majibu kama dakika 20 hivi. Kuhara ni ORS (ile chumvi ya pakiti ya kuchanganya na maji, hiyo ni dawa), vidonge vya zinki siku 10 hata akiacha kuharisha, na ziwa usimkatishe. Akishindwa kunyonya, akitapika kila kitu, akipata degedege au akilegea haamki, usisubiri asubuhi, chukua hata boda. Na bibi nenda naye, asikie mwenyewe kwa dokta, itakupunguzia ugomvi nyumbani.

Swali: Grupu na duka la dawa je?

Jibu: Grupu ni zuri kwa kupeana moyo saa nane za usiku, pia kujua mwenzio anasagaje dagaa kwenye uji wa mtoto aliyefikisha miezi 6. Ila mtu akituma picha ya chupa ya dawa usikimbilie dukani nayo, dozi ya mtoto inategemea uzito na umri, wake ana kilo 8 wako 5. Dukani nenda na cheti cha dokta.