Ulezi wa mwalimu mwanagenzi: maana yake ni nini?

Mwanagenzi ni mtu anayejifunza kazi kwa kuifanya mbele ya fundi. Neno hili linamfaa kijana wa Makerere au Kyambogo, vyuo vikuu vya Uganda, anayepelekwa shuleni kwa wiki kadhaa kufundisha kabla hajahitimu. Tanzania watamwita mwalimu tarajali, na si kosa. Mimi napendelea mwanagenzi kwa sababu ukilitamka tu, unauliza: fundi wake yuko wapi?

Fundi huyo ni mwalimu mlezi, mwenyeji wa shule anayefundisha somo lilelile. Asichanganywe na msimamizi wa chuo, ambaye hufika siku moja moja, akaketi nyuma ya darasa na karatasi yake ya alama, kisha akaenda zake. Mlezi yupo kila siku. Ulezi wenyewe ni kupanga kipindi pamoja, kukitazama kikifundishwa, halafu kukaa chini na kuzungumza juu ya kilichotokea.

Wazungumze nini? Tuseme mwanafunzi wa kidato cha kwanza huko Mbale ameandika 1/2 + 1/3 = 2/5. Mwanagenzi anamwekea alama ya kosa, anaandika ubaoni namna ya kutafuta kigawe kidogo cha shirika, anaendelea. Hesabu yake ni sahihi, lakini mtoto hajaona alipokosea. Baada ya kipindi mlezi anauliza: yule mtoto alikuwa anawaza nini? Kumbe amejumlisha kama mtu anayejumlisha alama za majaribio mawili: moja kati ya mbili, moja kati ya tatu, jumla mbili kati ya tano. Kwa alama za majaribio, yuko sawa kabisa! Basi kesho mwanagenzi aingie na chapati. Una nusu chapati, unaongezewa theluthi, unaambiwa sasa una mbili ya tano, yaani pungufu ya ile nusu uliyoanza nayo. Umeongezewa chakula, kikapungua. Watoto wakicheka, somo limeanza.

Mwaka 1986 mtaalamu wa elimu Mmarekani, Lee Shulman, aliyapa maarifa haya nafasi yake: kulijua somo kwa jinsi linavyomtatiza anayejifunza. Kujua hisabati peke yake hakutoshi, wala mbinu za kufundisha peke yake.

Uganda jambo hili lina uzito wake. Fizikia, kemia, biolojia na hisabati ni lazima hadi kidato cha nne, na mtaala mpya ulioanza 2020 unataka wanafunzi watende, si kunakili notisi tu. SESEMAT, mradi wa kuwanoa walimu wa sayansi na hisabati wa sekondari ulioanza 2005 kwa msaada wa Japani, ulihimiza walimu wapange, wafundishe, watazame, kisha waboreshe. Lakini hao walikuwa tayari kazini. Mwanagenzi anahitaji mzunguko huohuo mapema zaidi. (Mwaka 2022 mshahara wa mwalimu wa sayansi mwenye shahada ulipandishwa hadi shilingi milioni 4 za Uganda kwa mwezi. Vizuri, ila mshahara haukai na mtu kuchambua kipindi.)

Kuna shule ambako mwanagenzi akiingia, mlezi humkabidhi chaki na vipindi vyote, naye akapata mapumziko ya muhula. Hata fomu zikijazwa na mihuri ikagongwa, huo si ulezi. Mwanagenzi huyo ameongezwa tu kwenye ratiba.