Kwa nini kijana hucheka mwenzake akisimulia alivyompiga msichana

Ninapoanza kikundi kipya cha vijana hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, iwe mitaa ya Kadutu, Bagira au Panzi, siku ya kwanza haiishi kabla sijasikia maneno haya: "Sisi si wabakaji. Wabakaji wako porini." Wanaosema hivyo hawadanganyi. Wamekulia katika mji unaojulikana duniani kwa sababu ya hospitali ya Panzi, iliyoanzishwa mwaka 1999, na kwa daktari wake Denis Mukwege, aliyepewa Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2018 pamoja na Nadia Murad. Tangu utotoni wamesikia kwamba ukatili dhidi ya wanawake ni kazi ya mtu mwenye bunduki. Mtu huyo yupo, na madhara yake tunayaona kila siku. Lakini kijana aliyesikia habari hiyo peke yake anafikia utu uzima akiamini kwamba kofi analompiga mpenzi wake, au mwalimu anayemwita mwanafunzi nyumbani kwake kwa ajili ya pointi za mtihani, ni mambo ya kawaida ya maisha.

Uchunguzi wa kitaifa wa afya wa mwaka 2013-2014 ulionyesha kwamba 52% ya wanawake wa Kongo wenye miaka 15 hadi 49 walikuwa wamepata ukatili wa kimwili tangu walipofikisha miaka 15, na 27% walikuwa wamepata ukatili wa kingono. Kwa walioolewa, aliyetajwa zaidi kuwa mpigaji ni mume au mwenzi. Huyo hatoki porini. Anatoka kazini, anatoka nganda (baa), anatoka ibadani.

Nimesomea saikolojia ya jamii, na kazi yangu ni kuwaandaa vijana wanaoongoza vikundi vya wenzao. Watu wengi wanaotaka kuwashirikisha vijana huanza na mafunzo: wanaita mtaalamu, anaeleza haki za wanawake, vijana wanapiga makofi, wanapewa fanta na nauli, wanarudi nyumbani. Elimu hiyo si mbaya. Ila haifiki mahali ambapo uamuzi unafanyika. Kijana hamfuati yule mtaalamu. Anafuata kile anachodhani marafiki zake wanakitarajia kwake, na mara nyingi anadhani vibaya.

Nieleze hapo kwa mfano wa zoezi ninalolitumia sana. Ninampa kila kijana haragwe moja jeupe na jingine jekundu, na kisanduku kilichofungwa chenye tundu juu. Ninawasimulia habari fupi: rafiki yenu amempiga mpenzi wake kofi kwa sababu alikataa kumwonyesha simu. Moyoni mwako, bila mtu kukuona, unaona amefanya vema? Kama ndiyo, tumbukiza jekundu. Kama hapana, jeupe. Wakimaliza, kabla kisanduku hakijafunguliwa, ninamwomba kila mmoja aandike kwenye karatasi: unadhani wenzako wangapi wametumbukiza jekundu?

Hapo ndipo kuna somo. Kwa kawaida karatasi zinasema "wengi", "karibu wote", "wote isipokuwa mimi". Kisanduku kikifunguliwa, meupe yanakuwa mengi kuliko alivyotabiri yeyote. Wale vijana waliocheka pamoja kwa miaka kila mara mmoja wao akisimulia alivyomnyoosha msichana, walikuwa wanacheka kwa sababu kila mmoja alijiona yuko peke yake. Yule msimuliaji naye aliposikia kicheko alisadiki kwamba amekubaliwa. Hakuna aliyemlazimisha mwenzake, wala hakuna aliyesema uongo kwa mdomo.

Anayetaka kulijaribu zoezi hili ajue jambo moja ambalo waendeshaji wapya husahau. Si kila kundi linatoa meupe mengi. Kwa sababu hiyo mimi huhesabu kwanza peke yangu. Nikikuta mekundu yamezidi, siyaweki mezani, maana kuyatangaza ni kuwathibitishia kwamba mpigaji ndiye wa kawaida na anayekataa ndiye mgeni. Hapo ninaacha hesabu na kuanza na hao wachache wa meupe, katika mazungumzo ya watu wawili watatu, mpaka wapate nguvu ya kusema mbele ya wengine.

Tafiti mbili za kanda yetu zinanifanya niamini kwamba njia ni hiyo ya kundi zima. Kampala, kati ya 2007 na 2012, programu iitwayo SASA! ilifanya kazi na mitaa mizima: wauza duka, viongozi wa dini, polisi, majirani, wote wakizungumzia nguvu na jinsi watu wanavyoitumia. Mwishoni, ukatili wa kimwili wa wenzi katika mitaa hiyo ulikuwa chini kwa 52% ukilinganishwa na mitaa isiyofikiwa. Huku mashariki mwa Kongo, vikundi vya majadiliano ya wanaume vilivyoendeshwa na shirika la misaada la International Rescue Committee vilibadilisha mawazo yao, na hata wakaanza kusaidia zaidi kazi za nyumbani, lakini ukatili wenyewe ambao wake zao waliueleza haukupungua kwa kiasi cha kutofautisha. Mimi nasoma matokeo hayo hivi: mwanamume anaweza kutoka kikundini ameelewa kila kitu, akarudi kwenye avenyu (barabara anamoishi) ambayo haijaelewa kitu. Wengine watayasoma tofauti. Lakini tangu niyajue, sikubali tena mradi unaochukua vijana watano kutoka kila kartye (mtaa) na kuwapeleka hotelini Nguba. Nataka vijana wa avenyu moja, wanaokutana kila siku, pamoja na yule ambaye wote wanamwogopa.

Sasa wasichana. Kuna mtindo wa kuzungumza juu ya wavulana kana kwamba wasichana wako pale kusubiri walindwe. Mimi huwa naanza nao kabla ya wavulana, katika chumba chao, na mwendeshaji mwanamke. Saa wanaichagua wenyewe, kwa sababu saa ya "vijana" kwa kawaida ni saa ya wavulana: saa kumi alasiri wasichana wa Kadutu wako kwenye foleni ya maji, wako sokoni wakimsaidia mama, au wanasonga bugali. Mwendeshaji asiyeuliza saa atasema baadaye kwamba wasichana hawana hamu.

Wakikaa, wanachora ramani ya kartye yao. Njia, ngazi za mlimani, bomba, soko, kanisa, vyoo vya pamoja. Kisha wanaweka alama pale wanapoogopa kupita, na saa wanapoogopa. Wavulana nao, chumba kingine, wanachora kartye ile ile. Wavulana huweka alama mahali watu wanaponyang'anywa simu, na mahali walevi wanapopigana usiku. Wasichana huweka alama karibu kila mahali ambapo lazima wapite: chooni baada ya jua kuchwa, bombani alfajiri, kichochoro cha kwenda shule, kituo cha motari (waendesha pikipiki za abiria). Na kuna alama moja inayorudi karibu kila ramani: kando ya kioski cha kuchajisha simu, ambapo vijana wanakaa. Kwenye ramani ya wavulana mahali hapo pameandikwa "kwetu". Kwenye ramani ya wasichana pamewekwa alama nzito kuliko zote.

Ramani mbili zikibandikwa ukutani kwa pamoja, kwa ruhusa ya wasichana, ubishi huanza. "Sisi tunawasalimia tu." Msichana mmoja aliwajibu: "Mnatusalimia mkiwa sita. Tukinyamaza mnatutukana, tukiitikia mnatufuata." Ubishi huo ninauacha uende, kwa sababu wavulana hapo wanasikia habari yao wenyewe kutoka kwa mtu wanayemjua, dada wa rafiki yao, binti wa jirani. Mhadhara wangu hauwezi kufanya hivyo.

Halafu wavulana hutoa wazo ambalo hutoka kila mara: "Basi tutawasindikiza." Wanalisema kwa moyo mwema. Wasichana wengi hulikataa, nami nawaunga mkono. Kijana anayekusindikiza leo, kesho anauliza unakwenda wapi, keshokutwa anauliza umemwomba nani ruhusa. Wanachokitaka ni kidogo zaidi na kigumu zaidi: pale kioskini wapite bila kuitwa. Na anayeita, anyamazishwe na wenzake.

Kumnyamazisha rafiki ni ujuzi, na hujifunzwa kwa mazoezi kama mpira. Tunaigiza. Kijana akimzuia mwenzake kwa kumwaibisha mbele ya watu, aghalabu inaishia kwenye ngumi, na msichana ndiye atakayelipa jioni. Kinachofanya kazi mara nyingi ni kukata mtiririko tu: kumwita jina, kumwomba simu, kumwambia mama yake anamtafuta. Mazungumzo yenyewe yanakuja baadaye, mkiwa wawili, na yanaanza na kitu unachokiheshimu kwake. Na kuna hali ambazo kijana haambiwi aingilie. Tangu kundi lenye silaha la M23 lilipoingia Bukavu Februari 2025 nimefuta vipindi vya jioni, na ninarudia kila wiki kwamba hakuna anayetakiwa kumkabili mtu mwenye silaha. Ushujaa wa namna hiyo siufundishi.

Simu nayo ina mlango wake. Picha ya msichana iliyotumwa kwa mmoja inafika kwenye kundi la WhatsApp la darasa zima kabla ya chakula cha mchana, na kila aliyeituma mbele anasema si yeye aliyeanza. Tangu 2023 tuna Sheria ya Kidijitali inayoadhibu unyanyasaji unaofanywa kupitia mawasiliano ya elektroniki. Ninawaambia hivyo, lakini ninakaa zaidi kwenye jambo hili: ukiifuta na kuandika "mimi sitaki hii hapa", utawaona wengine watatu wakiandika vivyo hivyo.

Kuna maarifa mengine ambayo kila kijana lazima ayajue kwa kichwa, kwa sababu msichana aliyebakwa mara nyingi humwambia kwanza rafiki, si mzazi. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72. Vidonge vya kuzuia mimba vya dharura vinaweza kusaidia hadi saa 120, na mapema ndiyo bora. Nguo alizovaa zisifuliwe. Zihifadhiwe kwenye karatasi, si kwenye mfuko wa plastiki. Kama tayari ameoga au zimefuliwa, aende vilevile. Kwenda hospitali hakumlazimishi kushitaki. Hilo ataamua yeye baadaye. Pale Panzi matibabu kwa waliotendewa ukatili wa kingono ni bure, na wanapata pia msaada wa kisaikolojia na wa kisheria. Rafiki asimhoji kwa nini alikuwa pale. Asimsimulie mtu mwingine bila ruhusa yake, hata kiongozi wa kikundi, hata mimi.

Baada ya hapo familia hukaa. Huku kwetu mara nyingi mambo humalizwa sebuleni: wajomba wanakutana, wanataja mbuzi, wanataja ng'ombe, au wanasema afadhali amwoe ili aibu iishe. Msichana hayumo katika kikao hicho. Mara nyingi kaka yake yumo, na kaka huyo anaweza kuwa ni kijana wa kikundi chetu. Kwa hiyo ninawapa sheria kwa maneno wanayoweza kuyarudia mbele ya wazee bila kuwavunjia heshima. Sheria mbili za 20 Julai 2006 zinasema kwamba ubakaji unaadhibiwa kwa kifungo cha miaka 5 hadi 20, na kwamba makosa ya kingono hayamalizwi kwa faini ya maelewano, yaani malipo ya kufunga kesi bila kufika mahakamani. Kumwozesha mtu kwa nguvu ni kosa la jinai. Kijana anaweza kusema: "Baba, ninawaheshimu, lakini tukipokea mbuzi hawa, kesi haijaisha, na dada yangu hajapona. Twende naye hospitali kwanza." Nimeona wazee wakikasirika. Nimeona pia wazee waliokuwa wanasubiri tu mtu wa kwanza aseme, na hapo nilikumbuka yale maharagwe.

Kila mwaka kuanzia 25 Novemba hadi 10 Desemba tunapata zile siku 16 za kupinga ukatili, na mji unajaa fulana na mabango. Ninaandamana nao kwa moyo wote. Ila viongozi wa vikundi wanaponiuliza bajeti ya fulana, nawaomba fedha hiyo ilipe nauli na posho ya mwendeshaji mwanamke mpaka Juni, maana vipindi vinavyofaa ni vya kila wiki na kwa miezi mingi, na kinachovunja vikundi vingi ni mwendeshaji kuacha kuja.

Na kipimo wanashika wasichana. Kila baada ya wiki chache mwendeshaji wao anawauliza, wavulana wakiwa hawapo: pale kioskini, bombani, kichochoroni, kuna kilichobadilika? Wavulana nao hujaza karatasi zao, na karatasi za wavulana huwa nzuri sana. Lakini wasichana wakisema hapana, kikundi hakijamaliza, na wafadhili nawaandikia hivyo hivyo. Kikundi kimoja cha Bagira kilikwisha pewa vyeti wasichana waliposema hapana. Tukaongeza miezi, na safari hii tukamwalika mwenye kioski.