Tangawizi na manjano hayasafishi damu

Ukipita soko la Darajani, Zanzibar, utasikia watu wakisema kwamba kikombe kidogo cha juisi ya tangawizi na manjano kila asubuhi husafisha damu na kutoa sumu mwilini. Imani hii ni ya siku nyingi, lakini si sahihi. Damu husafishwa na ini na figo, usiku na mchana, hata kwa mtu asiyeonja tangawizi maisha yake yote.

Hilo haliiondolei juisi hiyo thamani. Tangawizi hutuliza kichefuchefu, kikiwemo cha wajawazito. Manjano yana kurkumini, kiini chake chenye rangi ya njano, takriban asilimia 3 tu ya uzito wa unga wake, na mwili huipokea kwa shida. Pilipili manga na mafuta kidogo, kama ya tui la nazi, husaidia. Basi osha vipande vibichi, saga kwa maji, chuja, kamulia ndimu, nyunyiza pilipili manga. Sukari ya nini?

Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mwenye mawe kwenye nyongo, amuulize daktari kwanza. Na tafadhali sana, mgonjwa wa kisukari au presha asiache dawa zake kwa ajili ya kikombe hiki.