John Lumley, kabaila Mkatoliki: yanayosemwa na yaliyokuwa

Katika masimulizi mengi ya Uingereza ya karne ya 16, Mkatoliki ni wa aina mbili tu: aliyeuawa kwa ajili ya imani yake, au aliyekula njama za kumwondoa Malkia Elizabeth wa Kwanza. John Lumley, aliyezaliwa karibu na mwaka 1533, hakai vizuri katika fungu lolote kati ya hayo. Ndiyo maana, kwa maoni yangu, amesahaulika, na wachache wanaomtaja humpa sifa zisizo zake.

Dhana inayorudiwa zaidi ni kwamba alikuwa msaliti aliyeponea chupuchupu. Haikuzuka hivi hivi. Baba yake, George Lumley, aliuawa mwaka 1537 kwa kujiunga na uasi wa kaskazini dhidi ya Henry wa Nane, ukoo ukanyang'anywa cheo, na mtoto akarudishiwa mwaka 1547. Mwaka 1571 naye akanaswa katika njama ya Ridolfi, iliyokusudia kumwoza Mary, Malkia wa Scotland, kwa Thomas Howard, Duke wa Norfolk, na kumpa Mary taji la Uingereza. Norfolk alikatwa kichwa mwaka 1572. Lumley alifungwa, akaachiwa mwaka 1573.

Wanaomwita msaliti huishia hapo, ilhali aliishi miaka mingine 36. Mwaka 1586 jina lake lilikuwamo katika orodha ya mabwana walioteuliwa kumhukumu Mary yuleyule. Kiti hicho lazima kilikuwa kichungu kwake, na kinaonyesha maisha ya makabaila Wakatoliki yalivyokuwa hasa: kuwa na imani moyoni, na kumtumikia malkia ambaye sheria zake ziliwatoza faini waliosusia ibada za Kanisa la Anglikana. Kuanzia mwaka 1581 faini hiyo ilikuwa pauni 20 kwa mwezi, fedha ambazo mtu wa kawaida hakuziona kwa mwaka mzima.

Wengine hudhani maktaba yake ilikuwa pambo la tajiri, au ghala la vitabu vya dini yake tu. Hapa ndipo dhana inapokosea zaidi. Ilikuwa na vitabu karibu 3,000, vingi vya Kilatini, ikiwa miongoni mwa maktaba binafsi kubwa kabisa nchini. Mali bila daftari hupotea bila habari, na Lumley alilijua hilo: orodha iliyonakiliwa mwaka 1609 bado ipo, nayo inapanga vitabu kwa mafungu ya teolojia, historia, falsafa, tiba, sheria, jiografia na muziki.

Vitabu vyenyewe navyo vinasema. Viko ambavyo ukifungua ukurasa wa jina unakuta mwandiko wa karani wa Thomas Cranmer, Askofu Mkuu wa Canterbury, ukitaja mwenye kitabu kwa Kilatini, na chini yake sahihi ya Lumley. Cranmer ndiye aliyeongoza mageuzi ya Kiprotestanti, akachomwa moto Oxford mwaka 1556 chini ya malkia Mkatoliki aliyemtangulia Elizabeth. Mali yake ilipotaifishwa, vitabu vyake vingi viliangukia mikononi mwa Henry FitzAlan, Earl wa Arundel, baba mkwe wa Lumley, kisha Lumley akavirithi. Mkatoliki huyu aliishi na vitabu vya mzushi mkubwa kuliko wote machoni pa kanisa lake, akavitunza na kuviandikia jina lake.

Na usomi haukuwa wa wanaume peke yao nyumbani mule. Lumley mwenyewe alitafsiri maandishi ya Erasmus, mwanazuoni wa Uholanzi, akiwa kijana. Mkewe, Jane FitzAlan, alitafsiri tamthilia ya Euripides, mwandishi wa Ugiriki ya kale, kuhusu Iphigenia, na kazi yake ndiyo tafsiri ya kwanza ya Euripides kwa Kiingereza tunayoijua. Haikuchapishwa enzi ya uhai wake. Kwangu mimi hii ndiyo kazi kubwa kuliko zote zilizoandikwa katika familia ile, na inasikitisha kwamba mara nyingi Jane hutajwa kama mke wa fulani tu.

Kuhusu kasri la Nonsuch huko Surrey, husemwa Elizabeth alimpokonya kwa sababu ya dini. Sivyo. Arundel alimwachia kasri pamoja na madeni makubwa, na mwaka 1592 Lumley alimkabidhi malkia Nonsuch ili kuyamaliza.

Iko pia dhana kwamba Wakatoliki wa aina yake waliipa kisogo sayansi mpya. Mwaka 1582 Lumley na daktari Richard Caldwell walianzisha mihadhara ya upasuaji katika Chuo cha Madaktari cha London, wakaitengea fedha za kudumu. Mwaka 1615 daktari William Harvey aliteuliwa kuitoa, na akiwa katika kazi hiyo ndipo alipoendeleza utafiti wa mzunguko wa damu, aliouchapisha mwaka 1628. Mihadhara hiyo ingali inatolewa, kwa jina la Lumley.

Alifariki mwaka 1609 bila mtoto aliye hai, na wapo wanaoamini vitabu vyake vilitawanyika vyote. Vingi vilichukuliwa na Mwanamfalme Henry, mwana wa Mfalme James, vikaingia katika maktaba ya kifalme. Mwaka 1757 George wa Pili aliikabidhi maktaba hiyo kwa British Museum, na leo viko British Library, London, ambako msomaji anaweza kuviomba.